Kompyuta ya kazi ikiwa nyumbani: izuie isijitangaze kwa kila kifaa

Familia nyingi zinazosoma jarida hili sasa zina mtu aliyekabidhiwa kompyuta na mwajiri wake. Kuna wakalimani wanaotafsiri kwa njia ya video kati ya daktari na mgonjwa. Kuna wasaidizi wa shule wanaowasiliana na wazazi, wahudumu wa wazee wanaojaza ripoti za kila siku, na wengine wanaopokea simu za wateja wakiwa kwenye meza ya jikoni. Kompyuta hiyo ni mali ya kazi, lakini inalala nyumbani. Inatumia intaneti ileile ambayo watoto wanaitumia kwa michezo na televisheni, na mara nyingi majirani nao wanaitumia.

Katika toleo hili tunaeleza jambo moja ambalo watu wengi hawaambiwi siku wanapokabidhiwa kompyuta: jinsi inavyojitangaza yenyewe kwa vifaa vingine vilivyo karibu, kwa nini jambo hilo linaweza kuleta matatizo, na jinsi ya kulizuia. Huhitaji kuwa fundi. Ukishaelewa sababu yake, hatua zenyewe huchukua dakika chache.

Kompyuta hupiga hodi, na huitikia karibu

Ruta ni kile kisanduku chenye taa kinacholeta Wi-Fi nyumbani. Kila kifaa kinachojiunga nayo, iwe simu, televisheni, printa au kompyuta, hupewa namba yake. Vifaa vyote vilivyo kwenye ruta moja ni kama wapangaji wa nyumba yenye ua mmoja. Kila mmoja ana chumba chake, lakini mtu akiita uani, wote wanasikia.

Kompyuta nyingi zimetengenezwa ziite. Mara tu inapojiunga na mtandao, kompyuta huuliza: kuna printa hapa? Kuna televisheni? Kuna kompyuta nyingine yenye mafaili? Vifaa vilivyopo hujibu na kutaja majina yao. Na vingine vikiuliza, kompyuta yako nayo hujibu: nipo, jina langu ni fulani, nina huduma hizi. Hapo hakuna mtu aliyebonyeza kitu chochote. Kwenye Windows jambo hili linaitwa "Network discovery", yaani vifaa kutafutana na kutambuana kwenye mtandao.

Utaratibu huu uliwekwa kwa nia njema. Zamani, ili kompyuta moja ichape kwenye printa ya chumba cha pili, ilibidi mtu anayejua aandike namba za printa hiyo kwa mkono. Leo printa inajitokeza yenyewe kwenye orodha. Kwa nyumba yenye familia moja na kompyuta ya familia, ni msaada.

Shida ni kwamba kompyuta ikipiga hodi haijui nani ataitikia, na ikiitikia karibu haijui imemkaribisha nani. Inamjibu mtoto wako, mgeni wa jirani, na mtu usiyemjua aliyekaa meza ya pili maktabani, wote kwa namna moja.

Hatari iko wapi hasa

Hatari ya kwanza ni jina lenyewe. Waajiri wengi huipa kompyuta jina lenye kifupi cha kampuni, idara au mfanyakazi. Mtu aliye kwenye Wi-Fi moja na wewe anaweza kusoma jina hilo na kujua unafanya kazi wapi, kabla hajakusalimia.

Ya pili ni mafaili. Sambamba na kutafutana, Windows ina huduma ya kugawana mafaili na printa, iitwayo "File and printer sharing". Kama huduma hiyo imewashwa na kuna folda iliyofunguliwa kwa wengine, labda tangu siku ulipofundishwa kazi, walio kwenye mtandao wanaweza kuiona.

Ya tatu ni ya hila zaidi. Kompyuta ya Windows ikitafuta kitu kwa jina na isikipate kwa njia ya kawaida, inaweza kuuliza vifaa vyote vilivyo karibu: nani ana jina hili? Mtu mwenye nia mbaya anaweza kuweka programu inayojibu kila swali: ni mimi. Kompyuta ikimwamini, hujaribu kujitambulisha kwake, na katika kujitambulisha hutuma alama inayotokana na neno lako la siri. Halimtumii neno lenyewe, lakini akishaipata alama hiyo anaweza kuiacha kompyuta yake ikisie maneno mengi kwa kasi kubwa. Neno fupi au la kawaida hupatikana haraka.

Ya nne ni programu haribifu zinazojisambaza zenyewe. Mfano unaojulikana zaidi ni WannaCry, iliyoanza kuenea tarehe 12 Mei 2017. Ilipita kwenye tundu la huduma ya kugawana mafaili ya Windows. Ikishaingia kwenye kompyuta moja, ilizitafuta nyingine kwenye mtandao huohuo bila mtu kubonyeza chochote, ikafunga mafaili na kudai pesa. Zaidi ya kompyuta 200,000 katika nchi zipatazo 150 zilipatwa. Uingereza hospitali za umma zilivurugika, na maelfu ya miadi ya wagonjwa ikafutwa. Microsoft ilikuwa imetoa marekebisho ya tundu hilo mwezi Machi mwaka huohuo, lakini kompyuta nyingi zilikuwa hazijasasishwa.

Kwa nini jambo hili linatuhusu sisi

Hapa Marekani, taarifa za watu zinalindwa kwa sheria. Sheria ya HIPAA ya mwaka 1996 inalinda taarifa za afya, na FERPA ya mwaka 1974 inalinda kumbukumbu za wanafunzi. Mkalimani anayefanya kazi na hospitali anabanwa na taratibu za HIPAA kama wafanyakazi wengine wanaoshika taarifa za wagonjwa. Taarifa zikivuja, mwajiri atauliza kompyuta ilikuwa wapi, kwenye mtandao gani, na nani mwingine alikuwa akiutumia. Mtu aliyetafuta kazi kwa miezi mingi asingependa kujibu maswali hayo.

Lakini liko jingine zaidi ya kazi. Jumuiya zetu katika miji mingi ni ndogo. Mgonjwa ambaye maneno yake yako kwenye kompyuta ya mkalimani huenda ni mtu wa kanisa lenu, wa msikiti wenu, au aliyekaa kambi moja nanyi. Alisema mambo hayo kwa daktari akiamini yataishia hapo. Kuilinda kompyuta ni kulinda siri yake.

"Public" na "Private": majina yanayowachanganya watu

Windows hupanga mitandao mingi katika moja ya makundi mawili: "Public" na "Private". Wengi hukosea hapa, na si kwa uzembe. Majina yenyewe yanapotosha. Mtu akisoma "Private" hudhani maana yake ni siri na usalama, na akisoma "Public" hudhani kompyuta yake itakuwa wazi kwa umma. Ukweli ni kinyume chake.

Ukichagua "Public", unaiambia kompyuta: niko mahali penye watu nisiowajua, kwa hiyo kaa kimya, usijitangaze wala usimfungulie mtu. Ukichagua "Private", unaiambia: wote walio hapa nawaamini, wafungulie. Basi kwa kompyuta ya kazi kanuni ni rahisi kukumbuka: nje ya ofisi, chagua "Public". Maktabani, hospitalini, uwanja wa ndege, kwa rafiki, na nyumbani kwako pia.

Ofisini ni tofauti. Huko kompyuta mara nyingi huutambua mtandao wa kampuni yenyewe, na mafundi wa kampuni ndio wanaoamua mipangilio. Usibadilishe kitu huko.

Kabla ya kugusa, uliza

Kompyuta ya kazi si yako, hata kama unakaa nayo kila siku. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kuwaandikia au kuwapigia watu wa IT wa mwajiri wako, au kumwuliza msimamizi wako. Waulize mambo matatu. Je, mtandao wa nyumbani kwangu uwekwe kwenye "Public"? Je, naruhusiwa kuzima "Network discovery" mwenyewe? Je, naruhusiwa kuchapa kazi kwenye printa ya nyumbani? Swali la namna hii halikuaibishi. Linaonyesha kwamba unajali kazi.

Huenda ukakuta mipangilio imefungwa, na maneno "managed by your organization" yameandikwa juu yake. Maana yake ni kwamba mwajiri ameshaamua. Usijaribu kuyapita, na usipakue programu yoyote inayoahidi kuifungua kompyuta.

Hatua kwenye Windows 11

Mwajiri akishakuruhusu, fuata hatua hizi ukiwa umeunganishwa na Wi-Fi ya nyumbani:

1. Bonyeza kitufe cha "Start", kisha "Settings", alama yenye umbo la gurudumu lenye meno.
2. Chagua "Network & internet", halafu "Wi-Fi".
3. Bonyeza mstari wenye jina la Wi-Fi yako na neno "properties".
4. Chini ya "Network profile type" utaona chaguo mbili. Weka alama kwenye "Public network".
5. Rudi kwenye "Network & internet", shuka hadi "Advanced network settings", kisha "Advanced sharing settings".
6. Kwenye sehemu ya "Public networks", hakikisha "Network discovery" na "File and printer sharing" zote zimezimwa.
7. Kwenye sehemu ya "Private networks" kuna kisanduku kinachosema "Set up network connected devices automatically". Hicho huiruhusu kompyuta kujiwekea printa na vifaa vingine bila kukuuliza. Kama mwajiri amekubali, kiondolee alama, na uzime "Network discovery" hapo pia. Hivyo hata mtandao ukiwekwa kwenye "Private" kwa bahati mbaya, kompyuta itakaa kimya.

Kompyuta yenye Windows 10 ina hatua zinazofanana, ila kurasa zake zimepangwa tofauti kidogo. Kumbuka kwamba Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Kama kompyuta yako ya kazi bado ina Windows 10, mwulize mwajiri ana mpango gani wa kuilinda.

Kuna maswali mawili ambayo Windows inaweza kukuletea ghafla. Ukijiunga na Wi-Fi mpya, inaweza kukuuliza kama unataka kompyuta yako ionekane na vifaa vingine. Jibu "No". Pia, ukifungua sehemu ya mafaili na kubonyeza "Network", unaweza kuona ujumbe kwamba "Network discovery" imezimwa, nao unakualika ubonyeze ili kuiwasha. Huo si ujumbe wa hitilafu. Unakuambia kwamba ulinzi unafanya kazi. Ufunge tu, usibonyeze.

Kama umepewa Mac

Fungua "System Settings", kisha "General", halafu "Sharing". Zima "File Sharing", "Printer Sharing" na "Screen Sharing", isipokuwa mwajiri amekuelekeza vingine, kwa sababu baadhi ya waajiri hutumia huduma hizi kukusaidia kutoka mbali. Kwenye "General" tafuta pia "AirDrop & Handoff", na uweke AirDrop kwenye "No One" au "Contacts Only", ili mtu usiyemjua asikutumie mafaili. Mwisho, kwenye "Network" washa "Firewall", ambayo ni mlinzi wa mlangoni anayezuia wanaojaribu kuingia.

Je, jirani akiomba Wi-Fi?

Hili tunaulizwa mara kwa mara. Familia mpya imefika jengo lenu jana usiku, haina intaneti, na watoto wanataka kumwona bibi yao kwa video. Hakuna anayetaka kuwanyima. Kumkaribisha mgeni ni jambo tulilolelewa nalo, na hatusemi liachwe. Ila jirani akipewa neno la siri la Wi-Fi yako, simu yake, na simu ya kila atakayempa yeye, zinaingia ua mmoja na kompyuta yako ya kazi.

Njia nzuri ni kufungua mtandao wa wageni. Ruta nyingi za sasa zina huduma hiyo, iitwayo "Guest network", na unaiwasha kupitia programu ya simu ya kampuni yako ya intaneti au kwa kuwapigia simu. Mtandao huo una jina lake na neno lake la siri. Kwa kawaida wanaoutumia wanapata intaneti, lakini hawavioni vifaa vya mtandao wako mkuu. Ni kama kumkaribisha mgeni sebuleni huku chumba cha kulala kimefungwa. Kama jirani tayari analo neno la mtandao mkuu, libadilishe, kisha umpe la mtandao wa wageni. Baada ya kulibadilisha, itabidi uunganishe upya simu na televisheni za nyumbani.

Soma mkataba wako pia, kwa sababu baadhi ya kampuni hukataza kugawa intaneti nje ya nyumba yako. Kwa jirani anayehitaji msaada wa kudumu, kuna njia bora kuliko kutegemea Wi-Fi yako. Baadhi ya maktaba huazima vifaa vidogo vya Wi-Fi bila malipo. Mpango wa serikali uitwao Lifeline hutoa punguzo la gharama ya simu au intaneti lisilozidi dola 9.25 kwa mwezi, na familia inayopata SNAP au Medicaid inaweza kuomba. Punguzo ni moja tu kwa kila kaya.

Nini kitabadilika, na nini hakitabadilika

Ukishazima, intaneti itaendelea kama kawaida. Barua pepe, mikutano ya video na programu za kazi hazitegemei kutafutana huku. Kinachoweza kuacha kufanya kazi ni kupata printa isiyo na waya, kurusha picha kutoka kompyuta hadi televisheni, na kufungua folda za kompyuta nyingine ya nyumbani. Kama ni lazima uchape kazi na mwajiri ameruhusu, tumia waya wa USB kati ya kompyuta na printa. Kwa sinema na picha za familia, tumia kompyuta ya familia au simu.

Usidhani pia kwamba sasa kompyuta haionekani kabisa. Bado ina namba yake kwenye ruta, na mtu mwenye ujuzi anaweza kujua kuna kifaa. Ulichofanya ni kuizuia isijitangaze na isimfungulie kila anayebisha. Kwa hiyo endelea na mambo mengine ya kawaida: ruhusu masasisho yanapokuja, tumia neno la siri refu usilolitumia kwingine, na funga skrini unapoinuka mezani. Kama mwajiri amekupa VPN, iwashe kila unapofanya kazi. VPN hulinda safari ya taarifa kati yako na ofisi, lakini si lazima iwe inaificha kompyuta kwa walio kwenye Wi-Fi moja nawe. Ndiyo maana vyote viwili vinahitajika.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa huu unazibika kwa dakika chache ukiwa na chai yako mezani.

Ukihitaji msaada

Mafundi wa mwajiri wako ndio wenye haki ya kubadilisha kompyuta ya kazi, kwa hiyo ofisi yetu haitaigusa. Lakini tunaweza kukaa nawe na kukusaidia kuwaandikia kwa Kiingereza, kukueleza majibu yao kwa Kiswahili, au kukusaidia kuwasha mtandao wa wageni kwenye ruta yako. Mwambie mhudumu wako mapema ili tukupangie muda. Kama nyumbani kuna kijana anayejua kompyuta, mpe ukurasa huu asome nawe, na mfanye mambo ya ruta pamoja. Kompyuta ya kazi iguswe na aliyekabidhiwa peke yake.